Pointi za meli za kitalii zina faida gani kwa msafiri wa Nairobi? Royal Caribbean, Celebrity na MSC kwenye mizani moja

Pointi 80 ndizo zinazomfikisha abiria wa Royal Caribbean kwenye daraja la Diamond, na pointi moja ni usiku mmoja baharini. Familia ya Nairobi inayojibana ikapata safari moja ya wiki kila baada ya miaka miwili itahitaji safari kumi na mbili, yaani miaka ishirini na miwili, kabla haijaonja manufaa yenye uzito. Kwa hiyo mapitio haya yanazipima kampuni za meli kwa jicho la mtu anayeanzia uwanja wa ndege wa JKIA akiwa na pasipoti ya Kenya: pointi zinakuja kwa kasi gani, zinakufa lini, na pesa zake ziko salama kiasi gani wakati bado anasubiri viza. Hilo la mwisho lina uzito kuliko yote, na mawakala wengi hulitaja mwishoni kabisa, wakati risiti imeshaandikwa.

Tuanze na pointi, kwa kuwa ndizo zinazotangazwa sana.

Royal Caribbean: polepole, lakini hazifi

Mpango wao unaitwa Crown & Anchor Society. Madaraja ni sita: Gold kwa pointi 3, Platinum 30, Emerald 55, Diamond 80, Diamond Plus 175 na Pinnacle Club 700. Ukilala junior suite, yaani chumba kikubwa kuliko vya kawaida, au cha juu zaidi, kila usiku unahesabiwa pointi mbili. Anayesafiri peke yake akalipa nauli ya kitanda cha pili kisichokuwa na mtu huongezewa pointi moja kwa usiku. Mtu huyo akichukua junior suite, wiki moja inampa pointi 21. Watoto hufuata daraja la mzazi wanayeishi naye, na kwa mwenye watoto watatu hiyo ni nafuu ya kweli.

Kuanzia Gold hadi Emerald kuna vijizawadi na vipunguzo vidogo, joho la kuvalia chumbani, mambo ya aina hiyo. Usiongeze hata shilingi moja kwenye nauli ili kuyakimbilia. Mlango unafunguka Diamond: vocha nne za vinywaji kila siku, zinazoingia zenyewe kwenye kadi ya chumba, kila moja ikilipia kinywaji cha hadi dola 14 hivi. Vocha za leo hazilali hadi kesho. Kwa safari ya wiki ni vocha 28 kwa kila mtu mzima, na kwa wanandoa wengi hilo linaondoa haja ya kununua kifurushi cha vinywaji. Kifurushi chenyewe kina sharti linalowaumiza wengi: mtu mzima mmoja akinunua kile cha pombe, watu wazima wote wa chumba hicho lazima wanunue, hata kama mwenzake hanywi. Na bei inayoonekana kwenye tovuti bado haijaongezewa asilimia 18 ya huduma.

Juu ya hapo kuna jambo moja la kuvutia wanaosafiri peke yao. Mwenye Diamond Plus akifikisha pointi 340, nyongeza ya kulala peke yake hushuka kutoka nauli ya watu wawili hadi nauli ya mtu mmoja na nusu. Akifikisha 700, anapewa safari ya hadi usiku saba bila nauli. Lakini ni safari ndefu kufika huko, na anayeishi Nairobi asiiweke kwenye bajeti.

Nguvu ya Royal kwa mtu wetu iko kwingine: pointi hazina tarehe ya kufa. Ukisafiri mwaka huu, ukajenga nyumba Kitengela kwa miaka sita, ukarudi baharini, unaendelea pale ulipoachia.

Celebrity: njia ya pembeni ya kufika Diamond

Celebrity ni ndugu wa Royal, na mpango wake, Captain's Club, huhesabu kwa aina ya chumba. Chumba cha ndani au cha dirisha ni pointi 2 kwa usiku, cha roshani 3, vyumba vya ngazi ya juu zaidi vya Concierge na AquaClass 5, Sky Suite 8, na kupanda. Daraja la Select ni pointi 150, Elite 300, Elite Plus 750, Zenith 3,000.

Piga hesabu hii. Kwa chumba cha roshani, Elite ni usiku 100. Kwa Concierge ni usiku 60. Na mwenye Elite ya Celebrity akipanda Royal hutambuliwa kama Diamond, kwa sababu tangu 2024 kampuni hizo mbili, pamoja na ndugu yao Silversea, hutambuliana madaraja. Linalotambuliwa hapa ni daraja. Kwa hiyo mwenye kupenda vyumba vya ngazi ya Concierge hufika haraka zaidi kupitia Celebrity, mwenye kulala chumba cha kawaida abaki Royal, na mwenye kulipia junior suite ya Royal humaliza kwa usiku 40.

Hakikisha tu akaunti zako mbili zina jina moja, tarehe moja ya kuzaliwa na barua pepe moja. Zikitofautiana, mfumo hukuona watu wawili. Hapa ndipo majina yetu matatu yanapoleta balaa, nami nitalirudia jambo hilo chini.

MSC: haraka kupata, haraka kupoteza

MSC ndiyo kampuni ambayo msafiri wa Nairobi ana uwezekano mkubwa wa kuanza nayo, kwa sababu meli zake huondokea Durban, Cape Town na bandari za Bahari ya Mediterania. Mpango wao, MSC Voyagers Club, hauhesabu usiku peke yake. Pointi hutokana na aina ya kifurushi ulichonunua (Bella ndicho cha chini, kisha Fantastica, Aurea, na Yacht Club juu kabisa), urefu wa safari, na matumizi ya ndani ya meli, ambapo euro 150 zimekuwa zikizaa pointi 100. Kwa miaka mingi viwango vimekuwa Silver 2,200, Gold 4,300 na Diamond 10,000. Mwanachama wa Classic, yaani aliyewahi kusafiri nao mara moja, hupata punguzo la asilimia 5 kwenye nauli. Gold huongeza saa moja ya bure kwenye vyumba vya mvuke vya spa. Diamond huleta chakula cha jioni cha bure kwenye mgahawa wa kulipia.

Kuna njia ya mkato ambayo wanaosafiri kikazi hapa mjini wangefaa kuijua. MSC hukubali kukulinganishia daraja ulilonalo kwenye kampuni nyingine ya meli au kwenye mpango wa hoteli kubwa za kimataifa. Mtu ambaye kazi yake inamlaza hotelini Kigali, Addis Ababa na Johannesburg mara kumi na tano kwa mwaka tayari ana kadi ya hoteli yenye daraja. Hujaza fomu kwenye tovuti ya MSC, hupakia picha ya kadi au ukurasa wa akaunti unaoonyesha jina na daraja, husubiri namba ya uanachama, kisha namba hiyo huingizwa kwenye buking kabla ya kusafiri. Ulinganisho hufanywa mara moja tu, kwa hiyo subiri hadi ushike daraja lako la juu kabisa la hoteli ndipo uombe. Mwenye Silver leo ambaye atakuwa Gold mwezi wa Machi asiombe leo.

Sasa ubaya wake. Uanachama wa MSC hukoma miezi 36 baada ya safari ya mwisho. Kwa Mwitaliano hiyo ni miaka mitatu yenye safari nne. Kwa mzazi wa Nairobi ambaye mwaka mmoja ulikuwa wa karo ya kidato cha kwanza na uliofuata ukawa wa arusi ya mdogo wake, miezi 36 hupita bila kutarajia, na daraja linakwenda nalo. Ukiona mwezi wa thelathini unakaribia, safari fupi ya usiku tatu au nne kutoka Durban inatosha kuuweka uanachama hai. Ni gharama inayostahili kwa mwenye Gold na Diamond. Aliye Classic au Silver auache ufe, ataanza upya bila hasara kubwa.

Nyinginezo kwa ufupi

Princess huhesabu safari au siku, lolote litakalotangulia. Ruby hupatikana baada ya safari tatu, Platinum baada ya tano, Elite baada ya kumi na tano, na mwenye Elite hufuliwa nguo bure. Safari ya usiku tatu ni safari kamili kwenye hesabu yao, hivyo inamfaa mtu wa safari fupi nyingi. Holland America hutoa huduma hiyo ya nguo kwa mwenye nyota nne, yaani siku 200. Disney huhesabu safari tu, bila kujali urefu: Silver baada ya moja, Gold tano, Platinum kumi, Pearl ishirini na tano.

Carnival ilikuwa ikihesabu siku kwa siku, Platinum ikiwa 75 na Diamond 200, lakini mwaka 2025 ilitangaza kuhamia mpango wa kuhesabu pesa zinazotumika, wenye daraja linalohitaji kutetewa upya. Kwa anayesafiri mara chache hiyo ni habari mbaya, na sishauri mtu wa Nairobi aanze kuchuma huko sasa.

Arbuni, viza na kalenda

Hapa ndipo pesa hupotea. Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, inaweza kuombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, uamuzi kwa kawaida ni siku 15 na unaweza kufika 45. Kwa upande wa pili, Royal Caribbean hudai malipo ya mwisho siku 90 kabla kwa safari za usiku tano hadi kumi na nne, na siku 75 kwa zile fupi zaidi. Weka kalenda hizo mbili juu ya meza moja.

Mfano: meli inaondoka Barcelona Julai 20. Siku 90 kabla ni Aprili 21. Dirisha la viza linafunguka Januari 20. Omba miadi mapema, peleka makaratasi mwanzoni mwa Februari, na hata uamuzi ukichukua siku 45 utakuwa na jibu mwishoni mwa Machi, wiki tatu kabla ya kulipa kilichobaki. Ukisubiri hadi Aprili ndipo uanze, utalipa nauli yote ukiwa huna jibu, na tangu hapo kila wiki inayopita inaongeza adhabu ya kughairi.

Hesabu hiyo inakulinda tu ikiwa arbuni yako inarudishwa. Royal huuza chumba kilekile kwa namna mbili. Bei ya chini huja na arbuni isiyorudishwa: ukighairi, pesa hizo hazirudi mfukoni, na kubadilisha meli au tarehe ni dola 100 kwa kila mtu. Bei ya juu kidogo huja na arbuni inayorudishwa yote hadi siku ya malipo ya mwisho. Kwa safari ya usiku sita hadi tisa arbuni ni dola 250 kwa mtu, kwa hiyo wawili wanaweka dola 500, zaidi ya shilingi 64,000. Asiye na viza mkononi achukue inayorudishwa, bila mjadala. Suite kubwa kwa kawaida huja na isiyorudishwa pekee. Zisubiri safari ambayo viza iko tayari.

Faida nyingine ya arbuni inayorudishwa: bei ikishuka mwezi wa Machi, unaghairi na kubuku upya. Weka ukumbusho kwenye simu uangalie bei kila Jumatatu hadi wiki ya malipo ya mwisho.

Viza yenyewe iombe ya kuingia mara nyingi. Meli ya Mediterania inayogusa Tunisia au Uturuki imetoka Schengen, na ikirudi Barcelona unaingia mara ya pili. Mwenye viza ya kuingia mara moja huzuiwa kupanda, na kampuni haimrudishii kitu, kwani makaratasi ni jukumu la abiria. Katika barua ya maombi ambatisha ratiba ya meli, bandari kwa bandari, na uandike wazi tarehe za kutoka na kuingia tena. Bima ya safari iwe na kinga ya angalau euro 30,000. Usitegemee SHA, bima ya afya ya serikali: daktari wa melini hulipwa papo hapo kupitia bili ya chumba.

Suala la ubalozi gani linawachanganya wengi. Meli nyingi za MSC Mediterania huzunguka na kuchukua abiria karibu kila bandari: Genoa, Marseille, Barcelona, Napoli. Unaweza kupandia popote pale kwenye mzunguko uleule, na hilo linakuruhusu kufuata tikiti ya ndege iliyo nafuu. Lakini viza huombwa kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi, na siku zikilingana, nchi utakayoingia kwanza. Ratiba yenye bandari tatu za Italia na moja ya Hispania ni ya Italia hata kama unapandia Barcelona. Ukiipeleka kwa Wahispania, wana haki ya kukuambia sio wao.

Dubai ina mtego wa aina hiyohiyo. Meli inatoka, inapitia bandari za nchi jirani, inarudi. Mkenya anahitaji viza ya Emarati inayoruhusu kurudi, na sharti la kila bandari ya njiani aliulize kwa maandishi. Ratiba za Ghuba na Bahari ya Shamu pia hubadilika kwa sababu za usalama. Mapema 2024 MSC ilizipitisha baadhi ya meli zake kuizunguka Afrika badala ya Shamu.

Kwa anayeanza, Afrika Kusini ndiyo rahisi. Tangu Januari 1, 2023 Mkenya huingia bila viza hadi siku 90 kwa mwaka. Anachohitaji lazima ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kilichotolewa angalau siku kumi kabla. Cheti kikishatolewa ni cha maisha, kiweke pamoja na pasipoti. Msimu wa MSC kule ni kiangazi chao, takriban Novemba hadi Machi, na safari nyingi za Durban huteremka pwani ya Msumbiji, hivyo sharti la Msumbiji nalo liulizwe kabla ya kulipa. Mombasa ina kituo kizuri cha abiria wa meli hizi, ila zinazofika huwa zinapita, na ratiba ya kupandia pale si ya kuitegemea.

Tovuti au wakala?

Kubuku mwenyewe kwenye tovuti kunakupa udhibiti: unaona kila bei, unaghairi usiku wa manane bila kumwomba mtu. Ubaya wake ni kadi. Benki nyingi hapa huzuia malipo makubwa ya nje hadi uwashe ununuzi wa mtandaoni na kupandisha kikomo, kwa hiyo piga simu benki siku moja kabla. Angalia pia bei zilizoandikwa kuwa za wakaazi wa nchi fulani. Ukinunua kwa bei hiyo ukiwa na anwani ya Nairobi, unaweza kudaiwa tofauti bandarini.

Wakala anakufaa kwa makundi, kwa malipo ya polepole na kwa M-Pesa, ambayo kikomo chake ni shilingi 250,000 kwa muamala na 500,000 kwa siku. Ila ukishabuku kupitia kwake, kampuni ya meli haitabadilisha chochote kwa ombi lako. Akizima simu Ijumaa jioni, umekwama hadi Jumatatu. Kabla ya kumpa pesa omba leseni yake ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA, na uliza kama ni mwanachama wa KATA, chama cha mawakala wa safari nchini Kenya. Uliza pia kama ana ada yake mwenyewe ya kughairi juu ya ile ya meli, kwa maandishi. Kisha, siku hiyohiyo ya kulipa arbuni, dai namba ya buking ya kampuni ya meli, si ya ofisi yake, uiingize mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni pamoja na jina lako la ukoo. Buking ikifunguka, ipo. Isipofunguka, rudi ofisini kwake kabla giza halijaingia.

Wakala mzuri hupata kamisheni, na anaweza kukurudishia sehemu yake kama salio la matumizi melini. Omba. Dola 50 au 100 za salio kwenye safari ya kwanza zinapita kila kitu ambacho Gold ya Royal itakupa.

Chumba cha bei ya chini kabisa huuzwa bila namba, kampuni ikikuchagulia baadaye. Ni biashara nzuri kwa asiyejali, lakini unaweza kutupwa mbele kabisa ya meli ambako mawimbi huhisiwa zaidi. Mwenye kusumbuliwa na kichefuchefu alipie chumba cha katikati, sitaha ya chini. Bella ya MSC nayo kwa kawaida haikupi nafasi ya kuchagua chumba wala saa ya chakula cha jioni.

Na majina: yaandike kama yalivyo kwenye ukurasa wa pasipoti, jina la ukoo mahali pa ukoo, mengine yote mahali pa majina ya kwanza. Wakala akiandika mawili tu kwa haraka, au akayageuza, buking haitaoana na namba yako ya uanachama, pointi zitapotea hewani, na mbaya zaidi tikiti ya ndege haitalingana na pasi ya meli. Pasipoti iwe na miezi sita zaidi ya siku ya kurudi. Mzazi mmoja anayesafiri na mtoto abebe barua ya ridhaa ya mzazi wa pili na cheti cha kuzaliwa.

Ukishapanda

Tofauti ya Royal na MSC unaihisi mezani. Kwenye MSC za Ulaya matangazo hurudiwa kwa lugha kadhaa, chakula cha jioni cha zamu ya pili huanza saa tatu usiku au karibu na hapo, na maji ya mezani hulipiwa. Ya bure yako kwenye bafe, beba chupa yako. Kwenye Royal maji ya mezani ni bure, maonyesho ni makubwa na hujaa haraka, hivyo hifadhi viti kwenye programu yao mara tu dirisha linapofunguka. Kwa familia, MSC ina safari nyingi ambapo walio chini ya miaka 18 wanaolala chumba cha wazazi hulipa ada za bandari tu bila nauli. Kwa watoto wawili, punguzo hilo huzidi daraja lolote la Royal. Jambo jingine la kufurahisha: MSC imeajiri Wakenya wengi, na kusikia Kiswahili nyuma ya kaunta ya bafe katikati ya Mediterania kunatuliza moyo.

Wasiokula nyama, Wajaini na wanaohitaji halali waandike ombi wakati wa kubuku, kisha wathibitishe na mkuu wa mgahawa siku ya kwanza. Ombi la kwanza mara nyingi hubaki kwenye kompyuta ya ofisi bila kufika jikoni.

Bakshishi ya Royal ni dola 18.50 kwa mtu kwa siku kwenye vyumba vya kawaida. Wawili kwa wiki ni dola 259, zaidi ya shilingi 33,000. Iingize kwenye bajeti tangu siku ya arbuni. Bili ya chumba usiifunge na kadi ya debiti: kila siku kiasi hushikiliwa na benki, na huchukua siku kadhaa kuachiliwa, hata kama hukukitumia. Tumia kadi ya mkopo, au weka pesa taslimu kaunta. Kadi ya mtandaoni isiyo na plastiki inasumbua kwenye mashine za kusajili za MSC.

Soketi za melini ni za Kimarekani na za Kiulaya. Plagi zetu za miguu mitatu hazitaingia, kwa hiyo nunua adapta mjini mapema. Pasi ya nguo, birika la umeme, koili ya kuchemshia maji na waya wa kurefusha umeme hunyang'anywa kwenye ukaguzi, kwa hofu ya moto. Mpenzi wa chai ya maziwa abebe majani yake, ayaloweke na maji ya moto ya bafe, aombe maziwa moto kwa mhudumu.

Simu weka hali ya ndege kabla meli haijang'oa nanga. Nje ya pwani laini hunasa mtandao wa setilaiti wa meli, na dakika chache za WhatsApp kwa njia hiyo zinaweza kugharimu kuliko kifurushi cha intaneti cha siku nzima. Fika mji wa bandari angalau siku moja kabla. Usajili hufungwa saa moja hadi moja na nusu kabla ya meli kuondoka, na ndege ya Nairobi ikichelewa kuunganisha, meli haikusubiri.

Siku ya kushuka piga picha kadi ya chumba na bili ya mwisho. Pointi huonekana kwenye akaunti ndani ya wiki mbili hivi. Zisipoonekana, tuma picha hizo mbili, namba ya buking na namba ya uanachama ya kila mtu mzima kwa barua pepe moja moja, si ya familia nzima kwa pamoja, maana ofisi hushughulikia akaunti moja kwa kila ombi.